Kitendawili Bila "Tega": Uhakiki wa Upimaji wa Wanafunzi katika Ulimwengu Pepe

UTANGULIZI

Katika utamaduni wa Waswahili, kama ilivyo katika jamii nyingine nyingi za Afrika ya Mashariki, mtoto hupimwa akili kwa kitendawili muda mrefu kabla hajaingia darasani. Mpimaji husema, "Kitendawili!" naye mpimwaji hujibu, "Tega!" Neno hilo la pili ni fupi, lakini lina uzito mkubwa. Kwalo mtoto hukubali kupimwa. Hutambua ya kuwa maneno yatakayofuata si mazungumzo ya kawaida bali ni mtego. Tena hupata nafasi ya kujitayarisha. Akishindwa kuufumbua hudaiwa mji, na akiisha kuutoa hupewa jibu. Kwa hiyo fani hii kongwe ina mambo manne yasiyotengana: tangazo, ridhaa, jaribio na ufafanuzi.

Tangu mwanzoni mwa karne hii imezuka huko Marekani namna nyingine ya kumpima mtoto, ambayo nayo ina miji na mitego yake. Mtoto huingizwa katika ulimwengu pepe, yaani mahali palipobuniwa ndani ya kompyuta, penye mitaa, watu, maji na magonjwa. Humo hutembea kwa kutumia umbo linalomwakilisha, huuliza maswali, hukusanya vitu, hukosea na kurudia. Kila hatua yake huandikwa na kompyuta. Kutokana na maandishi hayo wataalamu hukisia anachokijua na asichokijua, kisha humkadiria mafunzo yanayolingana na hali yake peke yake. Kusudi la makala haya ni kuhakiki baadhi ya kazi mashuhuri za aina hiyo kama zinavyohakikiwa kazi nyingine za ubunifu: kwa kuuliza zinasimulia nini, zinamtazama vipi mhusika wake mkuu ambaye ni mwanafunzi, na nani ndiye msimulizi. Hoja inayotetewa ni kwamba ulimwengu pepe unaweza kuona mengi ambayo karatasi ya mtihani haiyaoni, lakini kuona matendo si kuyafahamu. Na upimaji unaomnyima mwanafunzi nafasi ya kusema "Tega" humnyima pia mpimaji ushahidi ulio bora kuliko wote.

MJI WA MTONI

Kazi ya kwanza inayostahili kuangaliwa ni River City, iliyotungwa na Chris Dede na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard kwa msaada wa shirika la taifa la sayansi la Marekani. Mandhari yake ni mji wa Kimarekani wa karne ya 19 uliojengwa kando ya mto. Wakazi wake wanaugua, na hakuna anayejua sababu. Wanafunzi wa umri wa miaka kumi na kitu, wakiwa katika vikundi vidogo, husafiri kurudi nyuma katika wakati wakiwa na maarifa ya leo ili wamsaidie meya kulifumbua fumbo hilo. Huingia hospitali na kusoma daftari la wagonjwa, huchota maji ya mto na kuyatazama kwa hadubini, huhesabu mbu, huzungumza na wakazi waliobuniwa. Hurudi mjini humo katika majira mbalimbali ya mwaka, wakalinganisha hali ya vuli na ya kipupwe.

Ustadi wa utungaji huu umo katika msuko wake. Ugonjwa si mmoja. Upo unaoletwa na maji machafu, upo unaoenezwa na mbu, na upo unaoambukizwa kwa hewa katika nyumba za maskini waliosongamana. Dalili zake zimechanganyikana, kama zichanganyikanavyo katika maisha. Mwanafunzi anayeshika sababu moja tu na kuridhika nayo atakuwa amekosea, ijapokuwa alichokishika ni kweli. Jambo hili ni vigumu kulipima kwa swali lenye majibu manne ya kuchagua, kwa maana swali la namna hiyo lina jibu moja tu lililo sahihi, na aliyelipata ameyamaliza yote.

Mwishoni mwa safari, mwanafunzi huandika barua kwa meya. Humweleza alichokichunguza, alichokipata, na hatua anazoona zinafaa kuchukuliwa. Watafiti wenyewe walikiri kwamba barua hizo zilidhihirisha uelewa ambao majaribio ya kuchagua majibu hayakuudhihirisha: miongoni mwa waliopata alama za chini katika majaribio hayo walikuwamo walioandika barua zenye hoja nzuri. Ushahidi huu ni wa kukumbukwa, maana utarejewa. Katika mradi uliosifiwa kwa picha zake na kwa daftari lake la kompyuta lisilosahau kitu, chombo cha upimaji kilichowafunua wanafunzi hao kilikuwa ni barua, fani ambayo kila mwalimu wa lugha anaifundisha.

USHAHIDI NA TAFSIRI

Nguzo ya nadharia inayotegemewa na wapimaji wengi wa ulimwengu pepe iliwekwa na Robert Mislevy, Linda Steinberg na Russell Almond, hasa katika maandishi yao ya mwaka 2003 kuhusu muundo wa upimaji. Kwa muhtasari, wanasema kwamba kupima ni kujenga hoja kutokana na ushahidi. Mtungaji hana budi kujibu maswali matatu kabla ya lolote: ni ujuzi gani unaotakiwa kujulikana, ni matendo gani yatakayohesabiwa kuwa dalili ya ujuzi huo, na ni kazi gani zitakazomfanya mwanafunzi atoe matendo hayo. Nadharia hii ni ya kusifiwa kwa sababu inamlazimisha mpimaji aziweke wazi dhana zake badala ya kuzificha nyuma ya alama.

Hata hivyo, swali la pili kati ya yale matatu ndilo lenye ugumu, nao ni ugumu wa tafsiri unaofahamika sana kwa wahakiki. Ichukuliwe kwamba daftari la kompyuta linaonyesha mwanafunzi fulani ameingia hospitali mara tatu. Mpimaji mmoja atasema huyo ni mtafiti mwangalifu anayehakikisha habari zake. Mwingine atasema amepotea njia. Yamkini alimfuata rafiki yake. Yamkini hakuyafahamu maneno ya muuguzi mara ya kwanza, kwa kuwa lugha ya mji huo si lugha ya nyumbani kwao. Kitendo ni kimoja, maana ni nne, na kompyuta haikuandika sababu. Daftari hilo ni matini, na matini haijisomi yenyewe.

Utafiti wa Diane Jass Ketelhut uliotolewa mwaka 2007 unalidhihirisha jambo hili kwa uwazi. Aliwachunguza wanafunzi 100 wa darasa la saba waliokuwa katika River City, akilinganisha kujiamini kwao katika sayansi na kiasi cha habari walichokusanya katika vipindi vitatu. Mwanzoni, waliojiamini walikusanya habari nyingi kuliko wasiojiamini. Lakini mwishoni mwa muda wao, kujiamini kule kwa mwanzo hakukuhusiana tena na wingi wa habari walizozikusanya.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kama sifa kwa mji ule, na ni haki yasomwe hivyo, maana wanyonge walipata nguvu humo. Lakini kwa yule anayetaka kuyatumia maandishi ya kompyuta ili kumkadiria kila mtoto mafunzo yake, yana onyo kubwa. Kama mashine ingehukumu baada ya kipindi cha kwanza, ingemwona asiyejiamini kuwa ni asiyejua. Ingempa kazi nyepesi, vidokezo vingi na njia fupi. Ingemwondolea ule mwendo wenyewe ambao kwao alifika alipofika wenzake. Mafunzo yangekuwa yamelinganishwa na mtoto kwa jina tu. Kwa hakika yangekuwa yamelinganishwa na woga wake wa siku ya kwanza. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Atakayempima mchezaji kwa lele pekee hataijua ngoma.

KUVUKA MTO

Hatua ya mbele zaidi katika njia hii ilichukuliwa na Valerie Shute wa Florida State University pamoja na wenzake. Shute ndiye aliyeeneza wazo la kupima kwa siri, ambalo alilifafanua katika maandishi ya mwaka 2011 na katika kitabu alichokiandika pamoja na Matthew Ventura mwaka 2013. Siri iliyokusudiwa ni hii: upimaji unafumwa ndani ya mchezo hata mchezaji asiuhisi. Hakuna swali linalomkatiza. Matendo yake huingizwa katika mahesabu ya uwezekano yaliyojengwa juu ya kanuni ya Bayes, na kila tendo hupandisha au hushusha makisio kuhusu ujuzi wake. Katika mchezo mmoja walioutunga, mwanafunzi huchora vitu kwenye kioo cha kompyuta, kama vile mteremko, wenzo au timazi linalobembea, ili kuupeleka mpira wa kijani kwenye puto jekundu, na kutokana na michoro hiyo hukadiriwa uelewa wake wa fizikia.

Sababu anazozitoa Shute si za kupuuzwa. Mtihani wa kawaida humtia mtoto hofu, na hofu huharibu kipimo. Mtihani husimamisha mafunzo ili yapimwe, mfano wa mkulima anayeng'oa mche kila wiki atazame mizizi. Katika mchezo mtoto huzama na kusahau nafsi yake, naye hutenda kama alivyo.

Walakini, mfano ambao Shute na wenzake waliutoa mwaka 2009 unahitaji kusomwa kwa makini. Waliuchukua mchezo wa kibiashara uitwao Oblivion, wakaonyesha jinsi ambavyo ungeweza kutumiwa kupima ubunifu. Mchezaji anakabiliwa na mto wenye samaki wa hatari naye anatakiwa auvuke. Anaweza kuogelea. Anaweza kutafuta daraja. Anaweza kuchimba njia chini ya mto. Anaweza pia kuyagandisha maji kwa uganga na kuteleza juu yake. Kila njia hupewa thamani mbili: ufanisi wake, na upya wake. Upya hupimwa kwa uchache wa wachezaji walioitumia njia hiyo. Kuchimba ni jambo geni lakini si la ufanisi. Kugandisha maji ni geni tena lina ufanisi.

Hapa mhakiki hana budi kuuliza: geni kwa nani? Ubunifu uliopimwa kwa uchache ni ubunifu uliopimwa kwa kulinganishwa na hadhira fulani, na hadhira hiyo haitajwi katika alama anayopewa mchezaji. Mtoto aliyekulia mahali ambapo mto huganda kila mwaka hana haja ya ubunifu mwingi ili akumbuke barafu. Mtoto aliyekulia kando ya Mto Tana, ambaye tangu utotoni amefunzwa kutoingia majini ovyo kwa sababu ya mamba, atatafuta daraja kwanza kwa kuwa ana busara, wala si kwa kuwa akili yake ni butu. Wahakiki wa fasihi walikwisha kujifunza somo hili kwa taabu: istiara iliyochakaa katika lugha moja huweza kuwa mpya kabisa katika lugha nyingine, na hakuna kamusi ya upya inayowafaa watu wote. Upimaji uliowekewa viwango na wachezaji wa nchi moja ukapelekwa kwa watoto wa nchi nyingine utaendelea kutoa alama bila ya kusita. Kutosita huko ndiko kunakotisha.

CHURA MWENYE MIGUU SITA

Si haki kudai kwamba wapimaji wote wa ulimwengu pepe wameghafilika. Mfano wa kazi iliyotungwa kwa uangalifu ni mradi wa Harvard ulioongozwa na Jody Clarke-Midura, ambao ulikusudia kuutumia ulimwengu pepe wenyewe kama mtihani. Katika mojawapo ya hadithi zake, mwanafunzi huingia katika kijiji chenye mashamba na mabwawa, akamkuta chura mwenye miguu sita. Huzungumza na wakulima, hukusanya vyura, viluwiluwi na maji, huvipima maabarani, kisha hutoa madai yake. Sababu zilizowekwa mbele yake ni kadhaa: vimelea, dawa za wadudu, uchafuzi wa maji, mabadiliko ya kurithi, na hata viumbe kutoka anga za mbali.

Jambo la thamani hapa ni kwamba jibu na hoja vilipimwa mbalimbali. Kipimo kimoja kiliuliza kama mwanafunzi amefikia hitimisho lililo sahihi. Kipimo kingine kiliuliza kama ameyaunga mkono madai yake kwa ushahidi unaofaa. Kwa hiyo aliyebahatisha jibu hakulingana na aliyelithibitisha, na aliyekosa jibu huku akijenga hoja ya kueleweka hakuhesabiwa mjinga.

Tofauti hii inafahamika barazani. Mtu akitega, "Nyumba yangu haina mlango," jibu lililozoeleka ni yai. Mtoto akisema "kaburi," mtegaji mkali atadai mji. Mtegaji mwenye hekima atamwuliza kwanza, "Kwa nini?" Ikiwa mtoto atajibu kwamba kaburi ni nyumba ambayo aliyeingia hatoki, wazee watacheka na pengine watalikubali jibu lake. Swali hilo la "Kwa nini?" ndilo linalotofautisha kupima kumbukumbu na kupima akili. Katika hadithi ya chura swali hilo lipo. Katika hadithi ya kuvuka mto halipo: kompyuta hutazama alivyovuka, ikamalizia hapo.

KUMKADIRIA KILA MTU CHAKE

Lengo la upimaji wote uliotajwa si alama. Lengo ni kumpa kila mwanafunzi mafunzo yanayomfaa. Matumaini haya yana asili yake. Mwaka 1984 Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Uchunguzi wa baadaye ulipunguza makuu ya tarakimu hizo. Kurt VanLehn, alipokusanya tafiti nyingi mwaka 2011, aliona faida ya mwalimu wa mtu mmoja kuwa kubwa, lakini ni kama theluthi au zaidi kidogo ya ile aliyoitaja Bloom. Hata hivyo swali la Bloom lilibaki: ikiwa haiwezekani kila mtoto awe na mwalimu wake, ni kitu gani kitakachoshika nafasi hiyo? Ulimwengu pepe ulionekana kuwa jibu.

Katika River City jaribio la namna hiyo lilifanywa na Brian Nelson, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Alitunga mwongozo uliomfuata kila mwanafunzi kwa kuangalia historia ya matendo yake, ukamwekea vidokezo na maswali ya kumfanya atafakari. Ilionekana kwamba kadiri mwanafunzi alivyoutumia mwongozo huo ndivyo alivyojifunza zaidi. Lakini kidokezo kilichowekwa si kidokezo kilichosomwa. Mwanafunzi alikuwa huru kukibonyeza au kukipita, na faida ilimfuata aliyekibonyeza.

Kutokana na hayo yafuata jambo ambalo aghalabu husahauliwa katika sifa zinazotolewa kwa vyombo hivi. Kumkadiria mtu mafunzo si kazi ya upande mmoja. Mshonaji humpima mteja kwa utepe, lakini humwuliza pia nguo ni ya kazi au ya harusi, na mteja huinua mkono apimwe. Mashine inayomtazama mtoto kwa siri na kumwekea kidokezo asichojua kimetoka wapi inamshonea nguo bila ya kumwambia. Akiiacha ilipo, si ajabu.

HOJA YA RIDHAA

Huenda msomaji akapinga hivi: kwa kuwa hofu ya mtihani huharibu kipimo, kumtangazia mtoto kwamba anapimwa ni kuirudisha hofu ile ile. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachanganya mambo mawili. Kutomkatiza mtoto ni jambo moja; kumficha ni jambo jingine. Katika kitendawili mtoto hutangaziwa, tena hacheki kidogo, wala furaha haipungui. Kinacholeta hofu katika mtihani si kujua kwamba unapimwa, bali ni kutojua alama itatumiwa kwa nini, na kutokuwa na nafasi ya kujitetea. Mtoto anayeambiwa tangu mwanzo, "Mji huu utaandika utakayoyafanya, jioni tutayasoma pamoja, nawe utaeleza ulikusudia nini," hakunyang'anywa mchezo. Amepewa cheo cha mtafiti wa nafsi yake.

Tena suala hili si la ualimu tu. Mwaka 2013 ilianzishwa Marekani hazina kubwa ya kuhifadhi habari za wanafunzi iliyoitwa inBloom, ili itumiwe na wenye kutunga vyombo vya kumfunza kila mmoja kwa kadiri yake. Mnamo Aprili 2014 ilitangazwa kufungwa. Iliangushwa na wazazi waliouliza maswali mepesi: nani atayasoma, kwa muda gani, na kwa idhini ya nani? Hazina hiyo haikuwa ulimwengu pepe, lakini chakula chake kilikuwa kile kile, nacho ni habari za mtoto. Ikiwa wazazi walikataa kuhifadhiwa kwa majina na alama, sembuse kila hatua, kila kusita na kila kosa la mtoto.

Kwa Kenya jambo hili lina sura ya kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuzishughulikia habari za mtoto, tena kwa namna inayolinda maslahi yake. Hali kadhalika, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 unampa mwalimu jukumu la kumpima mwanafunzi katika muda wote wa masomo, si mwishoni tu. Kwa hiyo si jambo la kushangaza vyombo vya aina hii vikibishwa hodi katika shule za Kenya. Vitakapobishwa, swali la kwanza lisiwe vina picha nzuri kiasi gani. Liwe: ni wapi katika chombo hiki ambapo mtoto husema "Tega"?

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba ulimwengu pepe una uwezo wa kweli. River City imethibitisha kwamba mtoto anaweza kuwekwa mbele ya tatizo lenye sababu nyingi, akalikabili kama mtafiti, na mwendo wake ukaonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi haiwezi kufanya hivyo. Imeonyeshwa pia kwamba mwendo huo una tafsiri nyingi: matendo ya siku ya kwanza huweza kusema habari za woga kuliko za ujuzi, njia iliyo ngeni kwa watu hawa huwa ya kawaida kwa watu wale, na mwongozo usiosomwa haumfai aliyewekewa. Upungufu huu wote una shina moja, nalo ni kumsoma mtoto bila ya kusema naye.

Dawa yake ilikwisha kuwamo katika River City yenyewe. Ni ile barua kwa meya. Daftari la kompyuta lilieleza mtoto alikwenda wapi. Barua ilieleza alikwenda kufanya nini. Katika daftari mtoto ni mhusika anayesimuliwa na mwingine. Katika barua yeye ndiye msimulizi. Kazi zilizofuata, kwa kutamani upimaji usiohisika, zina hatari ya kuitupa barua na kubaki na daftari, ati kwa sababu daftari halina gharama ya msomaji. Hiyo si hatua ya mbele.

Hapo ndipo idara za lugha zinapohusika, ingawa upimaji huu umeachiwa zaidi watu wa sayansi na wa kompyuta. Kuisoma barua ya mtoto kwa haki, kutenganisha upungufu wa lugha na upungufu wa fikra, kuitambua hoja iliyovaa methali au hadithi badala ya istilahi: hizo ni kazi za mtaalamu wa lugha, na zitazidi kuwa ngumu mtoto atakapokuwa anafikiri kwa Kigiriama, anazungumza kwa Kiswahili na kupimwa kwa Kiingereza. Mji wa kubuni unaweza kumtega mtoto vizuri kuliko mitihani mingi iliyotangulia. Lakini mtegaji asiyesubiri kuitikiwa hatadai mji kwa haki, hata kama mtoto ameshindwa.